Mtu Wangu Kanisaliti

Ole, Pemba

Baba Hija,

Assalaamu alaykum. Huku wazima. Karafuu tumeanika, mbuzi kazaa mapacha. Nasikia mke mwenzangu Kazija umemletea doti ya kanga kutoka huko Maskati. Mimi yangu sijaiuliza.

Ule mchezo uliotufundisha, wa kila mtu kujitungia mtu wake na kumsemea huku dadu zikiamua, tungali tunaucheza kila Ijumaa, mdogo wako Silima akisimulia. Mimi nimejitungia mwindaji asiyesamehe. Mke mwenzangu kajitungia binti wa mfalme, si unamjua!

Juzi binti wa mfalme katumbukia kisimani, dadu zikamkatalia kutoka. Silima akauliza, "Shemeji, mwindaji wako anafanyaje?"

Siku hiyo nilikuwa nikiingoja. Nikafungua mdomo niseme, "Anakwenda zake." Nikajisikia nasema, "Anamteremshia kamba. Anamwambia, shika, ndugu yangu."

Kazija akalia machozi ya kweli. Jana kaikata doti yako, kipande kimoja kaniletea. Kukichana sikuweza.

Rudi upesi, kabla sijashindwa kumchukia. Na ukitukuta tumevaa sare, anza kunisifu mimi.

Mkeo wa kwanza,
Mwatima