Korosho za Mjomba na Mtihani wa Edina

Nkowe, Ruangwa,
17 Novemba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Edina,

Pokea salamu za mjomba wako Tadeo. Hujambo huko Kanada? Mbavu zinaihimili hiyo baridi? Sisi wazima. Mama yako Lusia goti linamsumbua kidogo, lakini ulimi uko imara kabisa.

Kwanza habari njema. Korosho zangu zimepita ghalani safari ya kwanza tu, daraja la kwanza! Karani alikata chache, akatazama kiini, akaniamkia. Watu wa kijiji cha Matambarale walisimama kunishangaa. Bahati inanijua kwa jina, mpwa wangu.

Sasa tuje kwako. Mama yako amenionyesha ujumbe wako: umefeli huo mtihani wa kufuzu udaktari wa kompyuta, wamekupa nafasi moja tu ya kurudia mwezi wa tatu, na wewe umeona bora uache urudi nyumbani. Tena simu umezima. Ndiyo maana naandika. Eva wa dukani ataipiga picha barua hii na kuituma, uikute siku utakayowasha.

Yale masharti yao uliyomtumia mama yako niliyasoma, nikacheka mpaka kuku wakakimbia. Umesoma shahada ya kwanza, ukasoma ya pili, wakakurudisha darasani tena, halafu ndipo wanakupa mtihani wa kuona kama unastahili kuanza! Huku kwetu mwali akishachezwa unyago amechezwa. Harudishwi ndani kuchezwa upya kwa sababu somo wake, kungwi, amebadili mawazo.

Ukipita, eti unaandika wazo la utafiti, na wazee watano wanaliwekea kikao. Kisha makala zako wanapewa watu wasiotaja majina yao, wakuandikie ubaya wako. Mtu wa kukusema bila kujitaja sisi tunamjua anaitwaje, na hatumpi kazi chuoni.

Kilichonimaliza ni hiki: lazima ugundue jambo ambalo binadamu mwingine hajawahi kuligundua. Kwani binadamu wote wamewauliza? Mimi nimetembea, Mtwara, Dar, mpaka Pemba ya Msumbiji, na jipya sijaliona. Mwisho unaandika kitabu kizima asichokisoma mtu, halafu unasimama kukitetea kama mwizi wa kuku. Na baada ya yote hayo, udaktari wenyewe hauwezi kutuliza goti la mama yako!

Juzi jirani yetu Sadiki alinipitia. "Mzee Tadeo, vipi daktari wenu? Nasikia kompyuta imemshinda."

Nikamwambia, "Wewe simu yako unawashiwa na mkeo. Nyamaza."

Akacheka tu. Mama yako alikuwa ndani, akasikia. Siku hiyo hakula.

Basi nisikilize, maana kwa mila yetu mjomba ndiye mwenye neno. Hao maprofesa nawadharau, na masharti yao nayadharau. Lakini ninachokidharau kuliko vyote ni mtu wa ukoo wangu kukimbia mtihani ambao bado haujafika. Wewe si ndiye uliyekuwa ukifungua redio yangu, mwili mzima vumbi, na kuirudisha ikiimba? Nani alikufundisha? Hata mimi mwenye redio sikujua ndani kuna nini.

Washa simu, umwambie mama yako kwamba utarudia. Ukiufanya ukaanguka tena, njoo. Chumba chako nimekitoa magunia, nimekifagia. Lakini usije kabla.

Bibi yako Rozalia anakusalimu, anauliza kama huko kuna muhogo. Dada yako Winfrida na watoto wake wanakusalimu pia. Mungu akuwekee joto kwenye mifupa na wepesi kichwani, na hao wazee watano awape usingizi siku ya kikao.

Neno la mwisho. Ile habari ya korosho ni uongo. Zimerudishwa zote, mbele za watu. Nilizifunga mbichi ili niwahi mnada wa kwanza, karani akapima, akasema zina unyevu. Sadiki alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, alicheka mpaka akakaa chini. Sasa ziko uani juu ya turubai, nazigeuza. Wiki ijayo nazipeleka tena, na najua Sadiki atakuwepo.

Mjomba wako akupendaye,
Tadeo