Jina Lako Nimelitoa

Bondeni, Nakuru
12 Machi 2025

Kwako kaka Sitati,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufunza kusalimiana hata tukikosana. Mimi ni mzima. Kama wewe pia uko mzima, sawa. Leo sina hamu ya kuuliza mara mbili.

Habari ya kazini unayo tayari. Adero amefutwa. Mama huyo ndiye aliyekufunza kazi ulipoajiriwa, na Ijumaa alitoka na vitu vyake kwenye katoni. Alinipa mkono akaniambia nisilie, Mungu anaona. Sijalala vizuri tangu hapo.

Unajua mimi ndiye niliyeunganisha rejista ya wafanyakazi na mtandao tunakoweka code, yaani maandishi ya programu zetu. Kila saa mfumo unasoma vikundi vya rejista: aliyemo anafunguliwa, aliyetolewa anafungiwa. Ulipoacha kazi Januari, ilipasa jina lako litoke siku hiyo hiyo. Wiki sita baadaye, programu ya maziwa tuliyowaandikia wakulima wa Kabazi ikaonekana kwa kampuni yako mpya, hata makosa yetu ya herufi yakiwa humo. Bosi wetu Kimaiyo akasema vikundi ni kazi ya Adero, kwa hivyo Adero ndiye aliyezembea.

Adero hakuzembea. Alikutoa siku ile ile. Ni mimi niliyekurudisha. Uliniandikia kwamba unataka siku mbili tu uchukue maandishi yako mwenyewe, ukanikumbusha ni nani aliyenitafutia kazi. Adero alipoenda lunch, nikakaa kwa kompyuta yake nikaliandika jina lako tena. Saa moja baadaye mfumo ukakufungulia. Nilipokupigia kukuambia amefutwa, ulicheka, ukasema huyo mama atapata kazi kwingine. Mwizi wewe. Na mimi nilikaa kwenye mkutano nikimwangalia akilaumiwa, nikafunga mdomo.

Leo asubuhi nimelitoa jina lako kwenye rejista, maana baada ya lawama zote hakuna aliyekumbuka kulitoa. Kisha nikaenda kwa Kimaiyo nikamweleza kosa langu na lako, nikamwonyesha ujumbe wako. Hakupiga kelele. Alinidai kitambulisho cha kazi, akampigia Adero mbele yangu. Adero alikubali kurudi Jumatatu. Kuongea nami alikataa.

Usinipigie, wala usimtume mama. Wakili wa kampuni atakutafuta, na akiniuliza nitajibu. Wasalimie watoto wako, wao hawajanikosea.

Ni mimi, dada yako bado,
Nekoye