Mapipa ya Bluu Matangani Chakol

Jumapili, Mundika.

Mvua inanyesha tangu asubuhi na sijaenda kanisani. Sitaki kuona mtu. Nina hasira ambayo hata chai ya tangawizi imeshindwa kuituliza.

Namchukia meneja wetu. Wacha niandike hivyo hivyo, bila kupamba.

Mimi ni afisa wa usalama katika yadi ya malori kule Malaba. Lori likivuja kemikali kwenye foleni ya mpaka, linaletwa kwetu, tunahamisha mzigo na kukusanya taka. Mpango wa dharura niliuandika mimi: nani apige king'ora, watu wakimbilie wapi, taka ikae wapi. Meneja aliutia kwenye fremu akautundika mapokezi ili wakaguzi wauone. Kuusoma hajausoma.

Kuna sentensi moja humo tunayogombania kila mara: pipa lililobeba sumu litobolewe siku hiyo hiyo. Niliiandika kwa sababu huku kwetu hakuna anayetupa pipa la bluu lenye mfuniko. Litawekwa maji ya nyumbani, litaazimwa kwa harusi, litazunguka kijiji kizima. Meneja anasema pipa lililotobolewa halina mnunuzi.

Wiki hii Ekisa, askari wetu wa getini, alifiwa na mama yake. Jana tukaenda mazishi Chakol. Nilipanga kukaa nyuma na akina mama, niimbe, nile, nirudi nyumbani. Nikaona mapipa mawili ya bluu kando ya jiko, yamejaa maji, na maji hayo yanachotwa kupikia wali.

Niliyajua, yametoka yadini kwetu. Yalikuwa na dawa ya kuua wadudu wa shambani, ile tuliyoihamisha tukiwa na barakoa na glavu. Alama ya fuvu ilikuwa imesuguliwa ikatoka. Nikaambiwa ni mchango wa ofisi, na kwamba meneja mwenyewe alisimamia yakaoshwa kwa sabuni ya unga.

Nilimwambia mama aliyesimamia mapishi. Akaniangalia kana kwamba nimelewa. Nikamfuata meneja kwenye hema, akaninong'oneza nikae chini, tutaongea ofisini Jumatatu.

Jumatatu! Na sufuria ziko motoni.

Nilichukua shoka la kuni nikayapiga mapipa yote mawili, chini kabisa. Kisha nikapindua sufuria. Najua, mpango wangu mwenyewe unakataza kumwaga sumu ardhini. Maji yalitiririka hadi kwenye viti vya wafiwa na kwaya ikanyamaza.

Ekisa alikuja akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Dada Nafula, hii maji ya matanga ya mama yangu ndio umemwaga?"

Nilimweleza mapipa yalibeba nini. Sijui alisikia nini. Meneja alichukua kipaza sauti akawaambia watu kwamba dada yetu ana mambo yanamsumbua, tumkumbuke kwa maombi.

Mimi ndiye wa kuombewa.

Vijana walienda kuteka maji mengine kisimani, wageni wakala jioni. Hakuna aliyeugua. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote: kwa sababu hakuna aliyeugua, mimi ndiye mwendawazimu wa Chakol na yeye ndiye boss mwenye roho nzuri aliyeleta mapipa.

Nikiri jambo moja. Kabla sijashika shoka, nilitamani meneja apewe kikombe cha kwanza cha maji yale.

Nyuma ya ofisi kuna mapipa mengine, yameoshwa, yanasubiri wanunuzi. Kesho naenda na shoka langu mwenyewe, kazi ibaki au iishe. Meneja hakumpa Ekisa hata siku moja ya kupumzika, kwa hiyo asubuhi atakuwa pale getini na funguo mkononi.

Atanifungulia?