Radial Nne za Gari Yako, Tata

Tata,

Baba yangu, gari yako imeshuka kutoka juu ya mawe. Nimeona nikuambie mwenyewe, ingawa sijui huko uliko unasikia nini. Nimechoka, kwa hivyo utanisamehe nikiandika ovyo.

Tangu tukuzike ilikaa kando ya ghala, kuku wakitaga ndani. Kila aliyepita hapa Kasikeu aliuliza kama tunauza. Mwaitu, mama yetu, alikataa. Halafu miguu yake ikaanza kufa ganzi. Hospitali ya Machakos wanataka kumwona kila mwezi, na basi hawezi kupanda tena. Mara ya mwisho pale Emali utingo alimbeba kama gunia la mbaazi. Mama alilia njia nzima. Nikaamua gari itembee.

Injini haikusumbua sana. Shida ilikuwa chini. Tairi zote zilikuwa zimepasuka-pasuka kwa jua, na rimu moja ilikuwa na ufa. Ndugu yako Kioko akaleta rimu pana za kung'aa, akaniambia, "Mwalimu, weka hizi, watu wajue gari ya marehemu imerudi." Nzioka, fundi wa Emali, akaja kuzifunga hapa nyumbani. Nilipokata kona, tairi zikasugua bodi. Nzioka akasema dawa ni kuikata bodi kidogo. Mwaitu alikuwa ameketi hapo kwenye kiti, akasema, "Hamkati kitu. Mzee alizikwa bila kukatwa kiungo, na gari yake itabaki nzima." Kioko alibeba rimu zake akaenda bila kunywa chai.

Basi tumebaki na rimu zako za chuma. Ile yenye ufa, Nzioka alipata ya kuweka badala yake kwenye gari kuukuu huko Kwa Vonza. Halafu tairi zenyewe. Najua ulivyokuwa ukizisema hizi tairi za kisasa za radial: "Hiyo imelaza tumbo kama haina upepo." Nzioka anasema ubavu wake ni laini, na ndio unaomeza mawe ya barabara. Nilitaka mbili tu, za mbele, zile nyingine ziwe za aina yako ya zamani. Akakataa kabisa. "Mbele itashika, nyuma itateleza. Mvua ikinyesha utajikuta unaangalia ulikotoka." Nikauza yule fahali wako mwekundu. Zote nne ni radial sasa, na tyubu ndani, maana rimu za zamani hazishiki upepo zenyewe. Usikasirike. Usukani umekuwa mzito nikiegesha, mabega yananiuma mpaka darasani.

Asubuhi ya kwenda Machakos, Mwaitu alielekea mlango wa nyuma. Nikamfungulia wa mbele. Akasimama tu na fimbo yake.

"Hapo ni pa wazee wa kanisa," akasema.

Miaka yote hiyo alikaa nyuma, Tata. Sikuwa nimeliona hilo, na sidhani wewe uliliona. Nikamwambia leo hakuna mzee. Akaingia polepole, akashika dashibodi kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto. Kwenye yale mawe ya mteremko nilingoja aanze kugumia kwa maumivu. Nikamtazama, kumbe amelala, mdomo wazi.

Daktari alisema miguu haitarudi. Alisema kwa upole. Mwaitu aliitikia tu, na tulipotoka nje akaniuliza, "Mwezi ujao tutakuja tena?"

"Tutakuja."

"Na kama hawana dawa?"

Nikamwambia tutakuja tu. Akapangusa kioo cha upande wake kwa leso, akawa anaangalia watu wa Machakos wakipita.

Sijui nguvu hizi zitanifikisha wapi. Kuna shule, kuna shamba, na yeye wa kumwinua asubuhi na jioni. Lakini pumzika, baba yangu. Nakuahidi hivi: maadamu gari hii inatembea, Mwaitu atakaa mbele. Hata pasta akiomba lifti, atakaa nyuma.

Mwanao,
Mwende