Mstari Ulio Juu ya Kipimo

3 Machi

Shikamoo dada,

Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila kreni inanitia wasiwasi. Skrini inasema tani nane, mashine inaguna kama imebeba kumi. Programu ya kengele uliandika wewe kabla hawajakuondoa. Kuna nini?

Mdogo wako

6 Machi

Marahaba mdogo wangu,

Kifua kimepoa, roho bado. Nilijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, peke yangu kwa kompyuta ya kuazima, nikawatengenezea kengele, halafu wakaona sina cheti. Haya. Fanksheni yangu, kile kipande cha programu kiitwacho angalia_uzito, inapokea tani na kuzionyesha kwenye skrini. Zikizidi kumi inapiga kelele. Haijui kudanganya. Fundi wao wa kompyuta akiifungua, ipige picha. Mistari ya juu yake usiiache.

Dada

11 Machi

Shikamoo dada,

Huku salama kiasi. Fundi alienda kunywa chai, picha hizo. Nilimuuliza bosi, akacheka: "Dada yako ana donge! Fundi wetu msomi hajagusa hata herufi moja ya fanksheni yake." Keshokutwa tunainua transfoma ya tani kumi na mbili.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Salamu tuziweke kando. Ni kweli hawakuigusa. Wameandika @punguza juu yake. Hiyo ni dekoreta: inaivika fanksheni kama koti, na kila namba inapita kwake kwanza. Si kitu kibaya. Mimi niliitumia kugeuza kilo kuwa tani. Hii yao inazidisha tani kwa 0.8, ndipo inazipitisha. Kumi zinafika nane. Kumi na mbili zitafika tisa na pointi sita, na kengele yangu, masikini, itanyamaza kwa uaminifu kabisa. Ilikuwa ikilia kazi inasimama, sasa hailii.

Usipande. Wakikufukuza, njoo ukae kwangu. Nijibu leo, hata neno moja.

Dada

15 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Hujajibu. Simu yako kaipokea bosi. Hata salamu hakunipa. Ameuliza kama naweza kufika upesi, maana fundi wao hapatikani, niutoe ule mstari kabla wakaguzi hawajaingia. "Wewe si unajua ulipo?"

Nikamwambia uko kwenye picha, na picha nimeshawatumia wakaguzi. Nikamuuliza wewe uko wapi. Akakata.

Niko njiani. Niandikie jina la wodi tu.

Dada