Nilimsomea Mzee wa Watu Ujumbe Ambao Haukuandikwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hata mume wangu nilipomsimulia alinisikiliza nusu tu akanyanyuka kwenda kuoga. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza simu kwenye duka la kampuni, yale maduka yenye vioo na viti virefu, na kazi yangu hasa ni kumkalisha mteja, kumwonyesha simu mpya na kumsainisha mkataba wa miaka miwili. Kila mwezi tunapewa idadi ya mikataba ya kufikisha, na usipofikisha miezi mitatu mfululizo unaonyeshwa mlango.

Mwaka jana, siku ya mwisho ya mwezi, nikiwa nimebakiza mkataba mmoja tu, aliingia mzee mmoja fundi wa makochi, nguo zimejaa vumbi la sponji, akasimama mlangoni akifuta viatu kana kwamba anaingia sebuleni kwa mtu. Akaniambia ana binti mmoja tu, kiziwi tangu utotoni, mama yake alishafariki, na sasa huyo binti amepata kazi ya kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja huko mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Wao huongea kwa mikono. Mzee mwenyewe kusoma kwake ni kwa kubahatisha, na hapendi mambo ya mwanawe yasomwe na majirani. "Sasa binti yangu," akaniambia, "nataka simu ambayo nikiinua mikono hivi, na yeye kule aione."

Nikamwonyesha mkataba wa 5G, ule mtandao wa kasi, wa bei kubwa kuliko yote, nikamwambia picha haitakatika, atamwona mwanawe kama wamekaa meza moja. Nikaandika mtaa wake kwenye kompyuta. Mshauri, ukiandika mtaa usiofikiwa na ule mtandao, hutokea kisanduku chekundu kinachosema mteja huyu hatapata huduma, na chini yake kuna vitufe viwili, kimoja cha kusitisha na kingine cha kuendelea. Mtaa wake uko bondeni, nyuma ya machimbo ya kokoto, hata mtandao wa kawaida kule ni wa kuvizia. Nikabonyeza endelea. Akasaini kwa kuvuta herufi mojamoja, akanishukuru kwa mikono yote miwili.

Haikupita wiki akarudi. "Binti yangu, mwanangu namwona ameganda." Nikaijaribu simu pale pale dukani, ambako mtandao upo, ikafanya kazi vizuri, nikamwambia unaona mzee, simu haina tatizo, ukifika nyumbani izime uiwashe. Akarudi tena, nikamwambia anabonyeza vibaya. Mara ya tatu bosi akaninong'oneza, "Mwambie ni hali ya hewa, mkataba ukivunjwa unakatwa mshahara wewe." Nikamwambia hivyo. Mzee hakuwahi kufoka hata siku moja. Alikuwa anaangalia vidole vyake anasema, "Labda vimekuwa vizito kwa kazi," anaondoka, na mwisho wa mwezi naona amelipa.

Sasa sikiliza kilichonifikisha kwako. Miezi miwili iliyopita alikuja asubuhi wakati ndiyo kwanza tunafungua. Akasema jana yake binti alipiga huku analia, akamuuliza kwa mikono kama anaweza kuacha kazi arudi nyumbani, kwa sababu msimamizi wake anamtesa, anamtupia nguo usoni kwa kuwa hasikii akiitwa. Mzee akamjibu njoo mwanangu, njoo hata kesho, lakini kabla hajamaliza picha ikaganda, kisha ikakata. Akanionyesha pale kaunta alivyofanya: mkono unanyooshwa mbele, halafu unavutwa kuja kifuani. Baadaye ukaingia ujumbe wa maandishi. "Nisomee wewe," akasema, "wewe si mtu baki."

Ulikuwa mfupi. "Baba, nimeona mkono wako ukinisukuma. Nimeelewa. Sitakusumbua tena."

Nyuma yake walikuwa watu sita kwenye foleni, bosi ananitazama, na mimi nikajua kwamba nikiusoma kama ulivyo nitalazimika kueleza kwa nini mkono ulionekana nusu. Nikasema, "Anasema, baba usijali, mambo yametulia, nitakupigia." Alicheka, mshauri. Alicheka mpaka akashika kaunta asianguke. Na wakati anafuta machozi nikaufuta ule ujumbe, asije akasomewa na mtu mwingine.

Tangu siku hiyo binti hajapiga, na namba yake haipatikani. Mzee huja kila Jumamosi, anakaa kwenye kile kiti kirefu miguu inaning'inia, ananiuliza, "Alisema atapiga lini vile?" Nami namjibu atapiga tu. Amekonda, kola ya shati imekuwa pana. Mume wangu, ambaye hana kazi tangu kiwanda chao kifungwe, anasema niachane nayo nisije nikawalaza watoto njaa. Mimi nimefikiri nimtafute binti kimyakimya nimweleze, wapatane, mzee asijue nilichofanya. Je, hilo si bora kwa wote? Nisaidie.

Muuza mikataba

*

Mwanangu muuza mikataba,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Pole. Nyumba yenye mshahara mmoja naijua, na bosi wa kunong'oneza sikioni namjua pia. Huruma yangu inaishia hapo, sasa nisikilize.

Kile kitufe ulikibonyeza kwa ajili ya tumbo, na matumbo ya watoto wako nayaheshimu. Lakini ujumbe uliufuta kwa ajili yako peke yako. Na kuna jambo hukulitaja hata mara moja, sijui kama umeliona. Ungemwambia siku ile ya kwanza kwamba shida ni bonde, angepanda kutoka bondeni hadi penye mtandao akaongea na mwanawe kila jioni. Angesimama hata mvuani, mtu huyu. Badala yake ulimrudisha nyumbani akiamini shida ni vidole vyake, akawa anaganda mbele ya binti yake mwezi baada ya mwezi, na analipia.

Unauliza kama umtafute binti kimyakimya. Hapana. Huko ni kujificha mara ya pili. Mtoto ni wake, na habari za mtoto wake aanze kuzisikia yeye.

Utakwenda kwenye karakana yake, usisubiri Jumamosi, na usivae sare ya duka. Mweleze kwa kifupi: mtaa wako hauna mtandao huo na mimi niliona kabla hujasaini, ujumbe ulisema hivi, nikaufuta. Mwambie maneno yenyewe ya binti, usiyalainishe. Kisha nyamaza. Usianze kulia ukamfanya mzee wa watu akubembeleze wewe. Akikufukuza, ondoka, lakini mwachie nauli ya kwenda na kurudi hotelini, iliyotoka mfukoni mwako, na namba ya mtu wa kumsaidia njiani kama hakutaki wewe. Akikutaka, omba ruhusa kazini uende naye. Namba haipatikani, kwa hiyo msikae kupiga simu. Aende mwenyewe, mikono yake ionekane yote.

Andika pia barua, kwa jina lako, useme uliona kisanduku chekundu na ukaendelea, na ueleze ni nani aliyekuambia uisingizie hali ya hewa. Ipeleke kwa mkubwa wa bosi wako na kwenye ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wateja wa simu, na nakala mpe mzee, ili atoke kwenye mkataba huo bila faini na adai alichotozwa bure. Ndiyo, unaweza kufukuzwa. Sitakudanganya hapo. Anza kutafuta kazi nyingine wiki hii, na mwambie mumeo atafute yake, kwa sababu naona amepata muda mrefu wa kuoga.

Kuhusu kusamehewa, sijui, na wala si swali la leo. Sijui hata kama binti bado yuko pale alipokuwa. Miezi miwili ni mingi sana kwa mtu anayeamini baba yake amemsukuma, na mtu wa namna hiyo huweza kwenda popote na yeyote. Ndiyo maana nimekujibu wewe kabla ya waliotangulia kuniandikia.

Nenda kesho asubuhi. Mafundi huanza mapema, kwa hiyo mfikie kabla hajashika nyundo, maana akishakusikia, siku hiyo hataweza kuishika.