Pampu Bila Cheti

Mwanza, 14 Januari 2026

Mama,

Najua unacheka. Umebeba jina la mama yangu mzazi, nami nitakuita hivyo hadi nizikwe. Hatujambo huku, ila magoti yangu na ngazi ya stoo hayaelewani. Baridi ya huko imepungua?

Nina shida. Ndege yetu ndogo inayochukua wagonjwa visiwani imekaa chini, pampu ya mafuta imekufa. Ofisi imenunua nyingine kwa muuzaji wa huko huko Guangzhou, ila mizigo ya kawaida itachelewa. Nikawaambia ninaye mwanangu kule. Ichukue, umpe Judica, yule mfanyabiashara wa hapa, akija huko kununua bidhaa.

Mdogo wako Domina anajifungua mwanzoni mwa Machi. Unakumbuka uzazi wa kwanza alivyovuja damu. Daktari kasema safari hii ajifungulie mjini, si kisiwani. Tunaitegemea ndege hiyo.

Baba yako,
Anatory

Guangzhou, 5 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, labda wewe na magoti yako. Huku kila mtu anafunga aende kwao kwa mwaka mpya wao; soko la nguo la Shisanhang nusu ya milango imeshushwa. Muuzaji wako nilimwahi siku yake ya mwisho.

Baba, pampu ndogo vile kwenye boksi kubwa kama la televisheni! Sponji, mifuko juu ya mifuko, makaratasi. Na Judica alikuwa na nafasi kidogo tu kwenye begi. Lakini unamjua mwanao. Miaka yote hii nafunga mizigo ya wafanyabiashara pale jengo la Tianxiu. Shati likipita mikononi mwangu linaondoka bila boksi, bila pini, bila lebo, ndiyo maana wateja wananing'ang'ania. Pampu nimeivua vyote hivyo, nikaizungushia nguo nilizomnunulia mtoto wa Domina. Mwambie mama mkubwa ameanza mapema kumdekeza mtoto.

Mwanao na mama yako,
Felisia

Mwanza, 10 Februari

Mama,

Habari za huko. Judica amefika salama. Nguo nimezipeleka kisiwani na Domina amefurahi sana.

Pampu nimeipokea, nikaigeuzageuza, nikakaa chini. Ilikuwa na lebo ya njano imefungwa kwa waya, na cheti ndani ya bahasha ya plastiki. Viko wapi? Bila hivyo hiki kwangu ni chuma tu. Sijui nani alikikagua, wala kama hakikutolewa kwenye ndege iliyoanguka. Nimekifungia karantini, lile kabati la wavu la vipuri visivyothibitishwa, ambalo ufunguo wake ninao mimi.

Nami nimekosea. Nilipaswa kukuambia, ila kwangu ni jambo la kila siku, halikunijia kabisa. Nitafutie, mwanangu.

Baba

Guangzhou, 12 Februari

Shikamoo Baba,

Nimetafuta. Boksi liliondoka na taka siku ile ile. Nilirudi nikamwonyesha mfagiaji picha ya boksi, akanipungia mkono, "Meiyou, meiyou." Hakuna. Muuzaji amebandika karatasi nyekundu mlangoni, atafungua Machi. Nimemwandikia atoe nakala, hajajibu.

Baba, niliipokea kutoka mkononi mwake. Mimi ni shahidi wako. Waambie mafundi waifunge. Nakupigia magoti. Domina asisubiri karatasi.

Felisia

Mwanza, 14 Februari

Mama,

Nimesoma barua yako kwenye simu nimesimama, kwa sababu mume wa Domina, Jovin, alikuwa mbele yangu akisema maneno hayo hayo. Nimemjibu kama ninavyokujibu wewe. Siwezi. Ndege hiyo ikimbeba Domina itabeba na rubani na nesi, na kesho itabeba mtoto wa mtu mwingine. Kitu nisichokijua hakitoki stoo kwangu.

Nina hofu, usidhani sina. Boti ya misheni itamleta Jumatano, ziwa likitulia. Siku zake bado.

Baba

Mwanza, 11 Machi

Felisia,

Najua Jovin alikupigia, na simu zangu hukupokea. Sina salamu za kukupa.

Uchungu ulimwanza mapema, Jumatatu ile, siku mbili baada ya barua yangu. Wakaondoka naye na upepo ukiwa bado mkali. Alijifungua ndani ya boti, mtoto wa kike, mzima. Domina alivuja damu kama mara ile, na hawakuwa na cha kumfanyia. Hakufika hai. Nilikuwa nimesimama gatini nikiwasubiri na blanketi.

Nakala ya cheti ilifika wiki iliyopita. Nikafungua kabati, nikaitoa pampu, mafundi wakaifunga, injini ikawaka mara ya kwanza tu. Ilikuwa nzima, mwanangu, tangu ilipotoka kwenye begi la Judica.

Jovin hasemi nami. Kila nikipita pale karantini najiuliza kama ningefungua siku ile, na kila mara jibu ni lile lile, sifungui. Hilo ndilo linaloniua. Niambie lolote, hata matusi.

Baba yako

Guangzhou, 2 Aprili

Shikamoo Baba,

Nilikuchukia. Kisha nikaona aliyeshika mkasi na kukata lebo ni mimi, chuki ikakosa pa kwenda. Sifungi tena mizigo ya watu. Mteja alinipa mashati yake nikashika lebo ya kwanza, nikalia mbele ya watu wote, hadi laoban mwenye duka akaniletea maji ya moto ninywe.

Fiona, mfanyabiashara mwingine wa huko, anasafiri kesho. Nimempa nguo nyingine za mtoto. Ziko kwenye maboksi yake, na pini zake, na lebo zake zote. Amelalamika kwamba zimejaa begi zima, nikamwomba tu. Lebo mtazikata wenyewe, mimi siwezi.

Barua yako ilianza na Felisia. Tangu nizaliwe hujawahi kuniita hivyo. Umesema nikwambie lolote, basi ni hilo tu.

Mwanao

Mwanza, 13 Aprili

Mama,

Nguo zimefika. Jovin alikuja kuzichukua mwenyewe, akasimama mlangoni, hakunisalimu. Jana nilimwona mtoto kanisani kavaa lile gauni la njano ulilomtumia, na lebo bado inaning'inia begani. Hakuna aliyethubutu kuikata.

Baba